Mlango wa Chuma

Kwetu Kagera damu haipungui kimyakimya. Ikipungua, ukoo mzima unajua, na kila mtu ana dawa yake. Shangazi atakwambia chemsha rozela, uchanganye na tende. Jirani wa Kashai ataapa kwa maji ya matembele. Mwenye duka atauliza kama umejaribu juisi ya bitiruti. Na ukienda kliniki ukiwa mjamzito utapewa vile vidonge ambavyo wanawake wengi huvilalamikia kwa sababu vinatia kichefuchefu na kugeuza choo kuwa cheusi. Dawa zote hizi zina jina moja, "za kuongeza damu", na nyuma ya jina hilo kuna imani ambayo sikuwahi kumsikia mtu akiihoji: kwamba damu ni kama maji ya mtungi. Ikipungua unaongeza, na ukiongeza zaidi ni heri zaidi.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa afya. Neno "chuma" nimelitumia mara nyingi kiasi kwamba nilishaacha kulisikia. "Vyakula vyenye madini ya chuma", naandika, kisha naorodhesha maini, maharage, mboga za majani, dagaa, naweka nukta, natuma. Chuma cha kwenye damu na chuma cha jembe ni neno moja katika Kiswahili, na kwa kweli ni kitu kimoja: ni elementi ileile. Lakini sikuwahi kujiuliza kinafikaje kutoka kwenye sahani hadi kwenye damu, nani anakibeba, nani anakipokea, na kwa nini kuna siku mwili wenyewe unakikataa.

Swali hilo nililetewa na mpwa wangu, mtoto wa dada, akiwa na miaka mitatu.

Dada yangu ameolewa Muleba, kijiji cha chini kuelekea ziwani, mahali ambapo mvua za masika zikielekea ukingoni mbu wanakuwa wengi kuliko watu. Alinipigia usiku. Mtoto ana homa siku ya tatu, kakataa uji, anapumua haraka, na viganja vyake, alisema, "vimekuwa vyeupe kama karatasi." Nilipanda gari la kwanza kutoka Bukoba mjini. Nilipowakuta hospitalini, mtoto alikuwa ameshatobolewa kidole. Malaria ilikuwepo, na ya kutosha. Kiwango cha damu kilikuwa 3.9. Kwa asiyezoea namba hizi: mtoto wa umri ule anatakiwa awe na 11 au zaidi.

Walihitaji damu. Mimi ni kundi O, wakanipima, wakaridhika, nikatoa. Mpwa wangu akawekewa damu upande mmoja na kuanzishiwa sindano za malaria upande mwingine. Ilipofika jioni alikuwa anafungua macho na kumdai mama yake maji. Sitaki kupamba jambo hili. Ukikaa kwenye wodi ya watoto wakati wa msimu wa malaria unajua kwamba siyo kila kitanda kinapata jioni ya namna hiyo.

Ugomvi ulianza siku ya pili, alipofika mama yetu kutoka Kamachumu.

Mama alikuja na kikapu. Ndani kulikuwa na ndizi zilizopikwa, chupa ya rozela, na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa na jirani aliyejifungua majuzi. Daktari, kijana ambaye nadhani hajafika miaka thelathini, aliviona vidonge, akavishika, akavirudisha kikapuni kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha zawadi.

"Mama, hivi bado. Tumalize malaria kwanza. Akirudi marudio tutampima, ndipo tumpe."

"Mwanangu," mama alimwambia, na sauti yake ilikuwa ya upole ule unaotangulia mvua, "mtoto hana damu. Unaniambia asipewe cha kuongeza damu?"

"Ameshaongezewa, mama."

"Na hiyo aliyoongezewa haina chuma?"

Kijana wa watu alicheka kidogo, akasema swali zuri, akaitwa kitanda cha pili. Mama alinigeukia mimi. Kwake, mtu aliyesomeshwa chuo kikuu kwa fedha ya kahawa anatakiwa aweze kujibu. Nilimwambia nitatafuta. Makala haya ni yale niliyoyapata, na namna nilivyojaribu kumweleza.

Tuanze na hesabu. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, basi. Ni uzito wa msumari mmoja mdogo. Zaidi ya nusu ya chuma hicho kimo kwenye himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Kila siku uboho wa mifupa unahitaji zaidi ya miligramu 20 za chuma kutengeneza seli mpya za damu, lakini chakula kinaingiza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Nyingine zinatoka wapi? Kwenye seli kuukuu. Seli nyekundu huishi takribani siku 120, kisha huvunjwa, na chuma chake kinakusanywa na kupelekwa tena kiwandani. Mwili wa binadamu, kumbe, hautupi vyuma chakavu.

Tatizo ni usafirishaji. Chuma kikiachwa huru ndani ya damu ni hatari. Kinachochea kemikali zinazounguza seli kutoka ndani, na vijidudu vinakipenda kuliko sisi. Kwa hiyo mwili haukiachi peke yake hata sekunde. Umeunda protini ya kukisindikiza iitwayo transferini. Kila transferini moja ina nafasi mbili, chuma kimoja huku, kingine kule, kama abiria wawili wa bodaboda ambao trafiki hawaruhusu lakini sote tunawaona. Katika hali ya kawaida karibu theluthi moja tu ya nafasi hizo ndiyo imejaa. Akiba inaachwa makusudi, ili chuma chochote kinachotokea kidakwe mara moja.

Lakini msafirishaji peke yake hatoshi. Seli inayotaka chuma lazima iwe na mahali pa kumpokea, na mahali hapo ndipo kipokezi cha transferini. Nilipofika hapa kwenye kusoma ndipo nilipokaa wima.

Sisi watu wa ziwani tunaelewa meli. Fikiria MV Victoria inatoka Mwanza, inapita Kemondo, inafika Bukoba, inafunga kamba gatini. Makuli wanapanda, mizigo inashushwa, meli inarudi tupu. Hayo ni ya kawaida. Sasa fikiria gati ambalo, meli ikishafunga kamba, lenyewe linajikunja na kuivuta meli yote hadi katikati ya mji. Ndivyo seli inavyofanya. Transferini ikikamata kipokezi, ngozi ya seli inabonyea, inafanya kifuko, inawameza wote wawili. Ndani ya kifuko seli inaongeza uchachu, mithili ya mtu anayekamulia limau, na kwa uchachu huo transferini inaachia chuma chake. Kisha kifuko kinarudi juu. Kule nje, ambako uchachu haupo, transferini tupu inajibandua na kwenda kutafuta mzigo mwingine, na kipokezi kinabaki pale kikisubiri meli nyingine. Safari nzima huchukua dakika kama kumi au zaidi kidogo, na hurudiwa tena na tena.

Seli zenye magati mengi kuliko zote ni zile changa za uboho zinazojiandaa kuwa damu. Kila moja inaweza kuwa na vipokezi mamia kwa maelfu. Zikikomaa na kuwa seli nyekundu kamili, zinavunja magati yote. Hazihitaji tena.

Hapo nilikuwa na jibu la swali la mama. Ndiyo, damu aliyoongezewa mtoto ina chuma. Chupa moja ya mtu mzima inabeba takribani miligramu 200 hadi 250. Lakini chuma hicho tayari kimefungwa ndani ya himoglobini, kiko kazini, kinabeba hewa. Mtoto alihitaji kupumua siku ileile, na kidonge hakiwezi kumpa mtu pumzi ya leo. Chuma cha kidonge ni malighafi: kinaingia tumboni, kinatafuta msafirishaji, kinatafuta gati, kinasubiri uboho ufanye kazi yake wiki kadhaa. Na wakati kinasubiri, kuna wezi.

Wezi hao wana ustadi unaotisha. Bakteria wa homa ya uti wa mgongo na ndugu yao wa kisonono wamejitengenezea vipokezi vyao wenyewe vya transferini, vinavyokamata ya binadamu na kuipora chuma papo hapo. Kimelea cha malale, yule anayeletwa na mbung'o, naye ana kipokezi chake cha transferini, amekificha kwenye mfuko mdogo karibu na mkia wake, ambako kinga za mwili hazimfikii kirahisi. Kuna virusi vya Amerika ya Kusini, kama Machupo na Junín, ambavyo havina haja na chuma chenyewe. Vimeona tu kwamba mlango ule hufunguka kila mara, vikajifunza kuubisha. Na ile malaria ya aina ya vivax, ambayo kwetu ni nadra kuliko falciparum, huingia kwenye seli changa za damu kwa kushika kipokezi hikihiki. Jambo hilo lilielezwa kwenye jarida la Science mwaka 2018.

Machi 2023, Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini, kata za Maruku na Kanyangereko, nilikuwa miongoni mwa waandishi waliokwenda. Watu 9 waliugua, 6 wakafa, na mlipuko ukatangazwa kuisha Juni 2. Wakati ule swali lililokuwa kinywani mwa kila mtu lilikuwa "umetoka wapi?" Hakuna aliyeniuliza "unaingiaje?" Marburg hutumia mlango mwingine kabisa, siyo huu wa chuma. Lakini baada ya wodi ile ya Muleba nimeanza kuona magonjwa kwa jicho hilo. Kila ugonjwa unaambukiza kwa sababu umepata mlango ambao sisi wenyewe tuliujenga kwa shughuli nyingine.

Sasa mwili unafanyaje unapojua kuna wezi? Unafunga ghala. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo wanasayansi waliigundua mwanzoni mwa karne hii tu. Ukiwa na maambukizi, hepsidini inapanda. Inaziba njia ya chuma kutoka kwenye utumbo, na inaamuru ghala za ndani zisitoe kitu. Chuma kinabaki tumboni na kinatoka na choo. Kumbe basi mtoto mwenye malaria unaweza kumpa vidonge asubuhi na jioni, na mwili wake ukavikataa. Kampala, ng'ambo ya ziwa hili hili, watafiti walifuatilia watoto waliokuwa na malaria na upungufu wa chuma. Wengine walipewa chuma mara moja pamoja na tiba ya malaria, wengine walisubirishwa siku 28. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliosubirishwa waliingiza chuma kwenye damu yao kwa kiwango karibu mara mbili, na mwisho wa siku damu yao ilipanda sawasawa na ya wenzao. Kusubiri hakukuwapunguzia kitu.

Na kuna Pemba. Hii ndiyo sehemu ambayo sikumsomea mama moja kwa moja. Nilitafuta maneno kwanza.

Kati ya mwaka 2002 na 2003, kisiwani Pemba, watoto wachanga na wadogo wa hadi miezi 35 walipewa nyongeza ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Jaribio lilihusisha zaidi ya watoto 24,000, wengine wakipewa dawa isiyo na kitu ili kulinganisha. Lilikuwa jambo la nia njema kabisa: watoto wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu, chuma kinaongeza damu, basi wape. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati. Waliokuwa wanapewa chuma walikuwa na hatari ya kulazwa au kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi kisiwani wakati ule. Taarifa ilitoka kwenye The Lancet Januari 2006, na tangu hapo dunia nzima imebadili namna inavyozungumza kuhusu chuma kwenye maeneo ya malaria.

Lakini ndani ya habari hiyo kuna nyingine, na nadhani ndiyo iliyo muhimu zaidi. Kundi dogo la watoto lilifuatiliwa kwa karibu, likapimwa na kutibiwa malaria ipasavyo. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika nacho. Kwa hiyo chuma hakikuwa sumu. Kilichoua ni kukitoa bila kujua nani anakihitaji na nani tayari ana mwizi ndani. Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo kama yetu chuma cha watoto kiende sambamba na kuzuia, kupima na kutibu malaria. Naomba nisieleweke vibaya, hasa na dada zangu wajawazito: vile vidonge vya kliniki mnapewa kwa sababu, na mnapewa pamoja na chandarua na dawa ya kukinga malaria kwa sababu hiyohiyo. Makala haya siyo cheti cha daktari.

Haya yote nilipaswa kumweleza mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye hana haja ya kujua hepsidini ni nini. Nilijaribu meli na gati, akanisikiliza kwa adabu. Nilijaribu wezi, akatikisa kichwa. Kilichofanya kazi ni Katuruka.

Wasomaji wa nje ya Kagera huenda hawajui: upande wa Maruku, kilomita chache kutoka Bukoba mjini, kuna kijiji kinachoitwa Katuruka, na hapo palikuwa na mti na mahali panapoitwa Kaiija, yaani penye kiwanda cha kufulia chuma. Masimulizi yanapahusisha na mfalme Rugomora Mahe, ambaye inasemekana aliamuru mnara wa chuma ujengwe hadi ufike mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata masimulizi ya wazee, akachimba pale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya ufuaji chuma ambayo tarehe zake zinarudi nyuma zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walimjengea upya tanuru, kwa udongo, kwa mirija iliyoingizwa ndani kabisa ya moto, kwa mivukuto. Yeye na mwenzake Donald Avery waliandika kwenye Science mwaka 1978 kwamba hewa ilikuwa inapashwa moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa, na kwamba kilichotoka kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua.

Mama amekulia kwenye masimulizi hayo. Babu yake, alisema, alikuwa akifahamiana na wafua chuma. Na jambo analokumbuka kuliko yote siyo moto wala mavi ya chuma yaliyotapakaa mashambani hadi leo. Anakumbuka kwamba kazi ile haikufanyika sokoni. Waliiendea mbali na makazi, na walikuwa na miiko yao. Siyo kila mtu aliruhusiwa kufika, na siyo siku zote.

"Kwa nini walificha?" nikamwuliza.

"Kwa sababu chuma ni jembe, lakini pia ni mkuki," akasema. "Huwezi kukimwaga njiani halafu ukachagua nani akiokote."

Nikamwambia, basi mama, ndivyo daktari alivyosema. Akanitazama muda kidogo, akasema angesema hivyo tangu mwanzo.

Nimelifikiria sana jibu lile, kwa sababu ni kazi yangu. Kipokezi, transferini, hepsidini: maneno haya yanapofika kwetu yanafika yakiwa yamevaa koti la maabara, na sisi waandishi tunayaacha mlangoni kwa sababu mhariri anataka maneno 400 na mwisho wa siku ni saa kumi. Tunabaki na "kula vyakula vyenye chuma". Mama hakukosa akili ya kuelewa. Alikosa mtu wa kumkutanisha na jambo analolijua tayari.

Lipo jambo la mwisho nililolipata kwenye kusoma, na linahusu dawa.

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alipiga kambi visiwa vya Ssese, kaskazini mwa ziwa letu, kupambana na malale. Aliwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki iitwayo atoksili. Ilipunguza vimelea, lakini haikuchagua pa kwenda. Ilifika kila mahali mwilini, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Frankfurt, Paul Ehrlich aliichukua atoksili hiyo na kuanza kuibadilisha kipande kwa kipande, akitafuta dawa itakayokwenda kwa kimelea peke yake na kumwacha mgonjwa salama. Aliiita risasi ya ajabu. Kutoka kwenye kazi hiyo ilizaliwa mwaka 1910 Salvarsan, dawa ya kaswende. Vitabu vingi vinaanzia hadithi hii Ujerumani. Sehemu yake imeanzia kwenye maji haya, kwenye macho ya watu ambao majina yao hatuna.

Ndoto ya Ehrlich leo inapita kwenye mlango wa chuma. Ubongo umezungukwa na ukuta wa mishipa isiyoruhusu dawa nyingi kupita. Lakini ubongo nao unahitaji chuma, kwa hiyo mishipa yake imejaa vipokezi vya transferini. Wanasayansi wakajiuliza: tukiifunga dawa kwenye kingamwili inayokamata kipokezi hicho, si itavutwa ndani pamoja nacho? Machi 2021 Japani iliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo, pabinafusp alfa, kwa ajili ya ugonjwa adimu wa kurithi unaoitwa Hunter, ambao humnyima mtoto kimeng'enya fulani na katika hali yake kali huharibu ubongo. Dawa inabeba kimeng'enya hicho na kuingia nacho kwa mlango wa chuma. Wengine wanajaribu njia hiyohiyo kwa ugonjwa wa Alzheimer.

Nilifurahi kusoma hayo, halafu nikakutana na aya iliyonirudisha Muleba. Kwenye majaribio ya panya, baadhi ya kingamwili za mwanzo zilizokamata kipokezi hiki ziliua pia seli changa za damu, kwa sababu seli hizo zina kipokezi kilekile, tena kwa wingi. Dawa ya ubongo ikaleta upungufu wa damu. Wataalamu wamekuwa wakirekebisha: wanapunguza nguvu ya mshiko, kwa maana kingamwili inayong'ang'ania sana haiachii mzigo upande wa pili, wanaondoa ule mkia wa kingamwili unaoita askari wa kinga. Ni kazi ya ustadi, na inaendelea.

Mimi nafikiri kuhusu watakaoizungumzia dawa hiyo siku ikifika huku. Mtu wa Tokyo ana damu ya akiba. Akipungukiwa kidogo kwa sababu ya dawa, atapona. Mtoto wa kijiji cha ziwani ambaye kila masika anapigana na malaria hana akiba hiyo. Mlango wa chuma kwake una kazi tayari, na foleni ni ndefu. Kama majaribio ya dawa hizi yatafanyika tu kwa watu wasio na malaria, na damu zao zimejaa, tutaletewa risasi iliyopimwa kwenye mwili usiofanana na wetu. Pemba ilishatufundisha kwamba kitu chema mahali pamoja kinaweza kuua mahali pengine, na ilitufundisha kwa sababu mtu alikubali kuhesabu hapahapa, kwetu.

Muleba yenyewe imeshawahi kuhesabiwa. Mwaka 2015 wilaya hiyo ilikuwa uwanja wa jaribio kubwa la vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya kuvunja usugu wa mbu, na matokeo yake yalisaidia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza mwaka 2017. Chandarua hakina hata chembe ya chuma. Lakini ukifuata mnyororo wote, kutoka kwa mbu hadi kwa kimelea, hadi kwa hepsidini, hadi kwa ghala lililofungwa, unakuta kwamba kitambaa kile chenye matundu kinaweza kuwa ndicho kiongeza damu kikubwa kuliko rozela yote ya soko la Bukoba.

Mpwa wangu alirudi marudio baada ya mwezi. Malaria hakuna, damu 9.6. Akapewa dawa yake ya chuma, akaikunjia uso, akainywa na juisi ya chungwa kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kupita utumboni. Chai, tuliambiwa, asubirishwe hadi baadaye. Inakizuia, na kahawa vilevile, habari mbaya kwa mkoa wetu.

Mama hajaacha kuchemsha rozela. Sikumwomba aache, ina ladha nzuri, na nyumba yenye mgonjwa inahitaji kitu cha kukoroga jikoni. Ila wiki iliyopita nilimsikia akiongea kwa simu na jirani yake, yule wa vidonge, ambaye mtoto wake sasa ana mwaka na alikuwa anachemka. Jirani alikuwa anauliza ampe nini cha kuongeza damu.

"Umempima malaria?" mama akamwuliza.

Kukawa kimya upande wa pili.

"Basi mpeleke kwanza. Hayo mengine utanipigia ukirudi."